«Sista, tuuze shamba?»

Mwezi huu nimeweka kando barua za presha, sukari na uzazi, kwa sababu bahasha nne zilizofika barazani kwangu zinatoka katika chumba kimoja, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wauguzi wenyewe na ndugu wa wagonjwa hukiita ICU. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31 kabla ya kustaafu na kurudi kuishi Chumbageni, na 12 kati ya hiyo niliipitisha ndani ya chumba cha namna hiyo, kwa hiyo sizijibu barua hizi kama mgeni. Majina ya watu na ya hospitali nimeyaondoa, na pale ambapo mwandishi angeweza kutambulika nimebadilisha mambo madogo yasiyogusa swali lenyewe.

Shikamoo Bibi. Nina umri wa miaka 29, ni muuguzi wa ngazi ya diploma, na huu ni mwaka wangu wa nne katika chumba cha wagonjwa mahututi hapa Tanga mjini. Usiku huwa tuko wauguzi 2 kwa wagonjwa 6. Tuliletewa mzee kutoka Muheza mwenye nimonia kali, akawekwa mpira wa kooni na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Siku za mwanzo alikuwa akiweweseka na kuung'oa mpira, ikabidi tumfunge viganja kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Hata akiwa amefungwa, kidole gumba chake cha kulia hakikutulia. Kilikuwa kikizunguka polepole huku vidole vingine vimekunjwa, mpaka siku moja binti yake akacheka kwa huzuni, akaniambia, «Anamenya chungwa.» Nilikuja kujua kwamba ana shamba la michungwa.

Siku ya tisa figo zilisimama. Siku ya kumi na moja asubuhi ni mimi niliyemmulika macho kwa tochi, mboni hazikuitika, nikaandika. Kwenye raundi daktari alituambia kwamba sasa kinachohema ni mashine. Saa saba mchana yule binti akanishika mkono varandani, akasema: «Sista, wewe ndiye unayekesha naye. Kaka zangu wamepata mtu wa kununua shamba, anataka jibu leo. Niambie kweli, tuuze?» Kwetu hali ya mgonjwa hutolewa na daktari peke yake, na daktari alikuwa ameingia chumba cha upasuaji. Nikamwambia, «Tumwachie Mungu, dada.» Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu. Wakauza. Mzee alifariki siku ya kumi na tano, na nilipomfungua zile bandeji alama zilikuwa bado viganjani.

Tangu hapo nikipita soko la Mgandini mahali wanapomenya machungwa huvuka upande wa pili wa barabara. Ndugu wa wagonjwa wakiingia, najifanya nashughulika na dripu ili wasiniulize kitu. Muuguzi mfawidhi wetu anasema nina moyo mwepesi na kwamba nihamie kliniki ya watoto. Je, nilidanganya? Je, ni mimi niliyewauzia shamba? Na je, nihame?

*M., Makorora*

Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Shamba hukuliuza wewe. Wana wa mzee waliliuza, na huenda wangeliuza hata kama daktari angewaketisha na kuwaeleza kila kitu, kwa sababu zipo familia zinazonunua siku nne za baba kwa bei yoyote ile na hazijuti. Haki hiyo ni yao.

Swali la kwanza siwezi kulipitia juu juu. Hukutamka uongo, lakini yule binti aliondoka varandani na kitu ambacho wewe ulijua si jibu. Neno «tumwachie Mungu» ni neno la imani, nami silidharau. Shida ni kwamba likitoka kinywani mwa mtu aliyevaa sare hubeba maana mbili kwa wakati mmoja. Muuguzi analisema akimaanisha kwamba mikono yetu imefika mwisho. Ndugu analisikia kwamba bado kuna nafasi, na kwamba wahudumu wanaendelea kuhangaika. Ninyi wawili mlisimama mahali pamoja, mkatumia sentensi moja, na kila mmoja akaenda na yake. Ninaamini kwamba hicho ndicho kinachokuvusha barabara pale Mgandini, wala si kifo cha mzee, maana vifo umeviona vingi.

Ungeweza kusema nini? Nimelifikiria swali hili kwa siku kadhaa, na nikakumbuka jinsi tulivyofundishwa, pasipo maandishi yoyote, kwamba muuguzi mwema ni yule anayejua kukwepa. Ningetamani ungemwambia hivi: «Dada, swali lako ni kubwa na linastahili kujibiwa leo, kabla hamjapokea pesa ya mtu. Mimi siye ninayetoa taarifa ya hali yake, lakini sitakuacha uondoke bila jibu. Wazuie kaka zako mpaka mzungumze na daktari. Nampelekea ujumbe sasa hivi.» Katika maneno hayo hujafichua siri, hujabashiri kifo, wala hujavuka mpaka wa kazi yako. Lakini kule kusema «wazuie kaka zako mpaka» kungetosha, kwa sababu mtu mzima akiambiwa asubiri na muuguzi anayekesha na baba yake, huelewa. Kisha ungeandika kwenye faili saa, swali la familia, na jina la daktari uliyempelekea ujumbe. Sisi wauguzi tunajua kwamba lisiloandikwa halikufanyika, ila kwa desturi tunaandika mkojo na joto la mwili na tunaacha kuandika maswali ya watu, ambayo mara nyingine ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko vyote katika zamu ile.

Ungemsaidia pia binti huyo kujua aulize nini, kwa sababu ndugu wengi humwuliza daktari «anaendeleaje?» na hujibiwa «tunaendelea kumhudumia», na mazungumzo yakaishia hapo. Aulize: ugonjwa wenyewe unatibika, au mashine inamshikilia tu? Mnatarajia kuona mabadiliko gani katika siku tatu zijazo, na msipoyaona mtafanya nini? Kuna wanaoshauri aulize pia, «Angekuwa baba yako ungefanyaje?» Hilo mimi silipendi, maana daktari naye ana baba yake na ugomvi wake naye, na hayo hayamhusu mzee wa Muheza.

Lakini sitakubali lawama yote ikae mabegani mwako. Chumba ambacho familia inasikia habari kamili pale tu daktari anapopatikana, ni chumba kinachousukuma ukweli mpaka varandani, kikamwachia muuguzi aubebe bila ruhusa ya kuutua. Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Viti vitatu, muda wa saa moja, na utaratibu kwamba ndani ya siku tatu za mwanzo familia ikutane na daktari akiwa pamoja na muuguzi, wote wamekaa. Nasisitiza kukaa, kwa sababu habari inayotolewa watu wakiwa wamesimama mlangoni huwa haisikiki. Peleka pendekezo hilo kwa maandishi kwa mfawidhi wako. Kanuni ya maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi, iliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, inaweka wajibu wa kwanza wa muuguzi kwa watu wanaohitaji kuuguzwa, na familia iliyo mlangoni pa ICU huwezi kuitenga na hao.

Hiki unachokisikia kina jina na kina umri. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Kimarekani Andrew Jameton alikiita dhiki ya kimaadili alipokuwa akiandika juu ya maadili ya uuguzi: ni dhiki ya mtu anayelijua jambo lililo sahihi, lakini utaratibu wa mahali pa kazi ukamfanya ashindwe kulitenda. Ni tofauti na uchovu, kwa sababu mchovu akilala siku mbili hupona, na ni tofauti na msiba, kwa sababu msiba hausutani na nafsi. Mwaka 2009 wataalamu wengine wawili wa Marekani, Elizabeth Epstein na Ann Hamric, waliongeza jambo ambalo nilipolisoma nilifunga kitabu nikakaa kimya: kwamba tukio likipita, dhiki hushuka lakini haifiki chini ilikoanzia, hubaki masalia, na tukio linalofuata huanza kupanda kutoka juu ya masalia hayo. Kwa hiyo unapojificha nyuma ya dripu hujifichi kwa huyu aliyeingia leo. Unajificha kwa wote wa miaka minne. Na mfawidhi anayekuambia una moyo mwepesi, mwangalie kwa huruma, kwani inawezekana yeye masalia yake yalishajaa mpaka yakaganda, na ganzi huonekana kama ujasiri kwa anayetazama kwa mbali.

Kazi hii ilizaliwa na mzigo huo. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipigwa na mlipuko wa polio, watu wakawa wanakufa kwa kushindwa kuvuta pumzi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mfuko unaokamuliwa kwa mkono, na kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wapatao 1500 walipeana zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, kwa miezi. Vifo vilipungua sana, na mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba ambacho wengi wanakitaja kuwa ICU ya kwanza. Fikiria kijana wa miaka 20 aliyekaa usiku kucha akimkamulia pumzi mtoto ambaye alfajiri alifariki mfuko ukiwa bado mkononi. Hakuwa yeye aliyeamua nani apulizwe na mpaka lini, lakini mkono ulikuwa wake. Hesabu ile ya mkono mmoja kwa pumzi moja haijafutika: mpaka leo Uingereza mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kawaida hupangiwa muuguzi wake peke yake. Ninyi mko 2 kwa 6, na anayelala vizuri baada ya hapo ndiye wa kutiliwa shaka.

Nami nikuambie la kwangu, ambalo sijawahi kuliandika. Nilikuwa na umri kama wako, katika hospitali ambayo siitaji, na mgonjwa mmoja aliyemalizwa kabisa na saratani moyo wake ukasimama saa 9 usiku. Familia yake haikuwa imeambiwa lolote, nayo ilikuwa mlangoni. Daktari na sisi wauguzi wawili tulijua kwamba hakuna tunachokifufua, lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezungumza na wale watu mapema, tulianza kumkandamiza kifua ili waone tunafanya kitu. Kazi hiyo ikifanywa kwa haki kifua hushuka sentimeta 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nilipofika kama mara ya ishirini nilisikia ubavu ukikatika chini ya kiganja changu, mlio mkavu kama wa kijiti cha muhogo, na kuanzia hapo nikawa nasukuma juu juu tu, macho kwa daktari, naye macho kwenye saa ya ukutani. Tuliigiza dakika 12. Tulipoacha, mama wa marehemu aliingia akatushika mikono kutushukuru, na mikono aliyoishika ni hii.

Sikuhama baada ya usiku ule, na wala sikukaa kimya, japo ilinichukua miezi minane kufungua mdomo kwenye kikao cha wodi. Niliposema, yule muuguzi mwenzangu alianza kulia kabla sijamaliza. Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la tatu ni kwamba usihame kwa kuambiwa una moyo mwepesi. Kwanza mtafute mtu mmoja katika zamu yenu umsimulie habari ya mzee huyu kutoka mwanzo hadi kwenye zile alama za bandeji. Omba pia kwamba baada ya kila kifo mkae dakika 20, nyote mliokuwapo, daktari pamoja nanyi, mkiulizana nini kilifanyika na nini kila mmoja anaondoka nacho. Usingizi ukiendelea kukukimbia kwa wiki nyingi, au ukaona mkono unatetemeka unapopima dawa, au yakakujia mawazo ya kutotaka kuishi, nenda kwa daktari wa afya ya akili mara moja, na hapo kuhamishwa kwa muda ni tiba kama tiba nyingine. Kwenda Muheza kuomba radhi sikushauri. Wafiwa wana mzigo wao, usiende kuwatwika na wako juu yake. Ila ukikutana na binti yule, kwa kuwa Tanga ni ndogo na mtakutana, mwambie: «Siku ile nilijua zaidi ya nilivyosema. Nisamehe.»

Neno moja kuhusu dini, kwa sababu najua ndugu wengi hapa kwetu huogopa kwamba kukubali ukomo wa mashine ni kumwua mzazi. Kikao cha wanazuoni wa Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu kilichofanyika Amman Oktoba 1986 kilikubali kwamba ubongo wote ukisimama kabisa, na madaktari bingwa wakathibitisha kwamba haurudi, inafaa mashine ziondolewe hata kama moyo bado unapigishwa nazo. Miaka 29 kabla ya hapo, Novemba 1957, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai. Sheikh au padri wa familia akiitwa mapema huwatua watu mzigo ambao daktari hawezi kuwatua. Wala usinielewe vibaya: katika hayo yote hakuna hata neno moja linalompa muuguzi ruhusa ya kugusa swichi kwa uamuzi wake.

Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bajaji, naishi Ngamiani. Mke wangu ni muuguzi wa ICU. Akirudi kutoka zamu ya usiku huketi kwenye kigoda uani, huloweka miguu kwenye beseni, na hasemi neno. Nikimwuliza kumetokea nini, anajibu «hakuna kitu». Wiki iliyopita baba wa jirani yetu alikuwa amelazwa kwake, akafariki saa 10 usiku. Mke wangu alipita asubuhi mbele ya mlango wa watu hao, akawaamkia, akaingia ndani akalala. Mimi msiba nimeusikia saa 4 kwa watu wengine. Nilihisi kama ninaishi na mtu nisiyemjua.

*Mume, Ngamiani*

Marahaba baba. Hatua zile chache za kupita mlango wa jirani ndizo zilizokuwa kazi ngumu kuliko yote aliyoifanya mke wako tangu aingie zamu. Habari ya kifo ina mpangilio wake: anaambiwa kwanza ndugu aliyeandikwa kwenye faili, na anaambiwa na daktari, ili mtoto wa marehemu asiusikie msiba wa baba yake kwenye bajaji. Samahani kwa mfano huo, lakini wewe na mimi tunajua kwamba ungelijua saa 2, Tangamano yote ingelijua saa 2 na nusu. Alikunyima habari, hakukunyima uaminifu, na siri ile anaitunza kwa ajili ya kila mgonjwa, pamoja na wewe siku utakapolazwa.

Badilisha swali. «Kumetokea nini?» ni swali analokatazwa kulijibu, kwa hiyo unampa kazi ya kukukwepa kabla hajavua viatu. Mwulize, «Zamu ilikuwa nzito?» Hilo anaweza kulijibu kwa neno moja, na kwa siku nyingine kwa kilio. Lile beseni mjazie wewe kabla hajafika. Chumba kiwe na giza, watoto wacheze kwa jirani mpaka saa 8 mchana, na wanaokuja kupimwa presha wawekee kizuizi mlangoni wewe mwenyewe, kwa adabu, maana yeye hawezi kuwakatalia na wao wanalijua hilo. Kukiwa na msiba mtaani siku aliyotoka usiku, nenda wewe ukamwakilishe. Wanawake watanong'ona kwamba haonekani jikoni, waache wanong'one. Kimya chenyewe usikiogope. Kiogope kikifuatana na kukosa hamu ya chakula, kuwagombeza watoto bila sababu, au kusema maneno kama «bora nisingekuwapo».

Bibi, hujambo na kazi ya kuandika. Tulikuwa na mama mwenye saratani iliyosambaa hadi kwenye mapafu. Daktari na familia walikubaliana asirudishwe tena kwenye mashine. Usiku akawa anahema kwa shida kubwa, macho yamemtoka, ananishika nguo. Daktari aliandika mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, nikampa. Akatulia, akalala, na baada ya dakika kama 40 akafariki. Mwenzangu akanitania, «Umemmalizia safari.» Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, nilimwua?

*Muuguzi, Pongwe*

Sijambo mwanangu. Jiulize mambo haya kwa utulivu, moja baada ya jingine. Je, kipimo kilikuwa kile kilichoandikwa na daktari, nanyi mkakitia saini wawili kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa? Je, ulimhesabia pumzi na kumtazama uso kabla na baada? Na je, kama angetulia kwa nusu ya dozi, ungeliishia hapo? Ikiwa majibu ni ndiyo, basi ulitibu kukosa hewa. Mofini inayotolewa kwa kadiri hupunguza ile hisia ya kuzama inayomfanya mgonjwa ashike nguo ya muuguzi. Pumzi za mtu anayekata roho hupungua zenyewe, sindano iwepo au isiwepo. Kilichomwua ni saratani iliyomaliza mapafu, na ilikuwa imeanza kazi hiyo miezi mingi kabla hujamjua.

Tofauti kati ya kuua na kutuliza imo katika nia, na nia ya muuguzi haisomwi moyoni, inasomwa kwenye kipimo. Anayetaka kutuliza hutoa kidogo, hungoja, hutazama, huongeza kidogo. Waislamu wanayo hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Na Papa yuleyule niliyemtaja, Februari ya mwaka uleule wa 1957, alisema kwamba inaruhusiwa kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata ikiwa huenda ikafupisha maisha, maadamu kinachokusudiwa ni kumpunguzia mateso na hakuna njia nyingine. Shirika la Afya Duniani linaiweka mofini katika orodha yake ya dawa muhimu. Katika miaka yangu nimeona kosa la upande wa pili mara nyingi zaidi: muuguzi anayeogopa neno kama hilo la mwenzako, akapunguza dozi au akachelewa saa nzima, na mgonjwa akaondoka duniani akiwa ameng'ata shuka.

Kuhusu utani, tulitaniana hivyo hivyo sisi, tukinywa chai saa 11 alfajiri, na ulikuwa njia yetu ya kutolia. Lakini una mpaka wake, na mpaka huo ni pale unapomnyooshea kidole mtu kwa kazi ya mkono wake. Mwambie mwenzako, mkiwa wawili tu, kwamba utani ule ulikuumiza. Nadhani utakuta na yeye ana mama wake wa namna hiyo.

Shikamoo Bibi. Ni mwanafunzi wa uuguzi, nipo kwenye mafunzo kwa vitendo ICU. Je, ni kosa kulia mbele ya ndugu wa marehemu?

*Mwanafunzi, Raskazone*

Marahaba mjukuu wangu. Si kosa. Ndugu hawajawahi kulalamika kwangu kwamba muuguzi alimlilia mgonjwa wao. Wamelalamika kuhusu aliyekuwa akicheka kwenye simu. Ila kama machozi yanakuja ukiwa umeshika sindano au unahesabu matone ya dripu, mwite mwenzako aipokee kazi kwanza, utoke hadi kwenye sinki, unawe uso, na urudi. Na wakiwa wanamtoa mpendwa wao kwenda mochwari, tembea nao mpaka mlango wa nje.